Njaa, Shibe na Kisu cha Mpasuaji: Kutoka Ras Kamboni hadi Ughaibuni

Utangulizi

Methali isemayo "Njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya" hufundishwa madarasani kwetu kwa haraka. Mwalimu hueleza kwamba njaa humlegeza mtu na shibe humlevya, wanafunzi huandika, na somo huendelea. Hata hivyo, methali hii imebeba historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, nayo yatufaa leo kuliko ilivyowafaa wengi waliotutangulia. Maana siku hizi Waswahili wa mijini kwetu, na hata zaidi wale walio ughaibuni, wamekabiliwa na swali ambalo babu zao hawakulijua: je, mtu aliyenenepa hadi kuugua akubali kupasuliwa tumbo ili apungue uzito? Swali hilo lina ndugu yake, nalo ni gumu zaidi: je, mtu anayekula kwa sababu ya huzuni na upweke, hali njaa hana, atatibiwa kwa dawa gani?

Makala haya yanakusudia kuyatazama maswali hayo kwa jicho la historia na la lugha. Tutaanzia Ras Kamboni na visiwa vya Wabajuni, kwa kuwa watu wa pwani hiyo wameonja katika muda wa kizazi kimoja njaa, ukimbizi na wingi wa ughaibuni. Kisha tutafuata habari za matabibu waliochunguza njaa na unene. Dai letu ni moja. Kisu cha mpasuaji hulitibu tumbo, na kwa watu wengi hulitibu kweli. Lakini njaa ya roho ni njaa nyingine, ina chanzo chake na dawa yake. Anayezichanganya njaa hizi mbili hawezi kuamua vyema, awe ni mgonjwa, daktari au mkalimani.

Pwani ya misimu miwili

Ras Kamboni, ambayo wenyeji huiita pia Kiamboni, iko kusini kabisa mwa pwani ya Somalia, karibu sana na mpaka wa Kenya. Kutoka hapo kuelekea kaskazini hadi Kismayu vimejipanga visiwa vya Wabajuni: Chula, Chovai, Ngumi, Koyama na vingine vidogo. Lahaja yao, Kibajuni au Kitikuu, haikomi mpakani bali huendelea kusini hadi Kiunga na Faza. Jina la Kismayu lenyewe huelezwa kuwa ni Kisima-iyu, yaani kisima cha juu. Na si ajabu mji kupewa jina la kisima katika pwani ambayo maji matamu ni haba.

Watawala wa pwani hii walibadilika mara kwa mara. Majeshi ya Misri yalifika Kismayu mwaka 1875, yakaondoka baada ya muda mfupi. Mwaka 1895 Uingereza iliitia nchi hii katika himaya yake ya Afrika Mashariki, na mwaka 1925 ikaikabidhi Italia. Mpaka ukapita katikati ya jamaa, ndugu mmoja akawa wa Kiunga na mwingine wa Ras Kamboni. Mwaka 1960 Somalia ikapata uhuru wake.

Bendera zilibadilika, lakini jambo moja halikubadilika, nalo ni msimu. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, vyombo husafiri na nyavu hujaa. Kusi ikivuma, bahari huchafuka, vyombo vikubwa huvutwa pwani, na mvuvi hubaki kuvua ndani ya mwamba. Bahari ilikuwa ghala la Wabajuni, ila mlango wake ulifungwa kila mwaka. Kwa sababu hiyo walijifunza kuweka akiba. Samaki na papa walipasuliwa, wakatiwa chumvi, wakaanikwa juani wakawa ng'onda. Ng'ambo ya visiwa, barani, walilima mtama na mahindi kila walipoweza kufika mashambani kwa amani. Walikata boriti za mikoko, wakaunda mitepe kwa kushona mbao kwa kamba, wakawinda kasa kwa kumtumia taza, yule samaki anayejigandisha kwa kichwa chake. Mtaalamu wa Italia, Vinigi Grottanelli, aliyeishi miongoni mwao mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1955, na jina alilolichagua liliwaita wavuvi wa Bahari ya Hindi.

Yatupasa tuzingatie maana ya maisha hayo kwa mwili wa binadamu. Mtu anayekula vizuri miezi kadhaa na kupungukiwa miezi mingine huutumia mwili wake kama ghala. Mafuta anayoyahifadhi wakati wa neema ndiyo yanayomvusha wakati wa dhiki. Katika hali hiyo unene ni akiba, nao hausababishi maradhi kwa kuwa hauna muda wa kukaa: msimu ukigeuka, akiba huliwa.

Unene ulivyosifiwa

Lugha yetu imehifadhi fikra hiyo. Mtu aliyenenepa alisifiwa kuwa amenawiri. Aliyekonda aliulizwa kwa huruma, "Una nini?" Hata leo husemwa kwamba fulani amekonda kama ng'onda, na anayesema hivyo hasifu. Katika fungate, zile siku saba baada ya arusi, maarusi hutunzwa ndani na kulishwa vizuri, nao hutarajiwa kutoka wakiwa wamenawiri. Chakula kingi katika arusi au hitima kilikuwa ushahidi kwamba jamaa ina watu na ina heri.

Pwani haikuwa peke yake katika jambo hili. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, ambayo leo imo katika mkoa wa Kagera, Tanzania, akapokewa na Mfalme Rumanyika. Huko aliwaona wanawake wa nyumba ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa hadi wakashindwa kusimama. Alimpima mmoja wao, akaona mduara wa mkono wake ni inchi 23. Kando yake alikuwapo binti wa miaka kumi na sita, akinywa maziwa kutoka chunguni huku baba yake ameshika fimbo. Habari hii huwachekesha wasomaji wengine, lakini ina funzo zito. Mtoto yule hakula kwa njaa wala kwa hamu. Alikula kwa sababu mwili wake ulikuwa ukitangaza utajiri wa watu wengine. Basi hata kabla ya maduka na soda, watu wa Afrika Mashariki walijua kula kusikotokana na njaa.

Kitu kilichozuia unene usiwe balaa la wengi ni uhaba tu. Wafalme wachache waliweza kuushinda uhaba huo. Mvuvi wa Chovai hakuweza.

Sukari, pasta na ukimbizi

Uhaba ulianza kubadilika mjini kwanza. Waitalia waliacha Somalia mazoea ya kula pasta, ambayo Wasomali huiita baasto, ikakaa mezani pamoja na wali. Kilimo cha miwa kilianzishwa Jowhar tangu miaka ya 1920, na mwaka 1980 kiwanda kikubwa cha sukari cha bonde la Juba kikaanza kazi Mareerey, kaskazini ya Kismayu. Chai yenye sukari nyingi na halwa vikawa ndivyo vya kumkirimu mgeni. Vyakula hivi vina sifa moja inayovitenga na ng'onda na mtama: huliwa upesi, hushibisha kwa muda mfupi, na huufurahisha moyo papo hapo.

Kisha ukaja mwaka 1991. Januari ya mwaka huo serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na vita vikashuka hadi Kismayu. Wabajuni hawakuwa na silaha wala jeshi la ukoo la kuwalinda. Waliporwa vyombo na nyavu, wengine wakauawa, na wengi wakajipakia katika mashua kukimbilia Lamu, Malindi na Mombasa. Baadhi yao waliishi miaka kadhaa katika kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa, wakila mgao wa unga, maharagwe na mafuta. Wengine walirudishwa visiwani, wengine wakabaki Kenya, na wengine wakafika Uingereza na nchi nyingine za mbali. Waliobaki Ras Kamboni hawakupata raha pia. Januari 2007 rasi hiyo ilikuwa uwanja wa vita, na Kismayu ilipiganiwa tena mwaka 2012.

Sasa tumfikirie mtu aliyezaliwa Koyama, akaijua kusi na mgao wa kambi, kisha akawekwa katika chumba cha ghorofa huko Uingereza. Hapana msimu tena. Duka liko wazi usiku na mchana, mkate na sukari ni rahisi kuliko samaki, na baridi humfungia ndani. Kazi ya mwili hana, bahari hana, jirani wa kumwita kwa jina hana. Maiti za jamaa zake hakuzizika. Akila, moyo hutulia kidogo. Baada ya saa moja huzuni hurudi, naye hula tena. Baada ya miaka kumi daktari humwambia kwamba ana kisukari na shinikizo la damu, magoti yameharibika kwa uzito, na kwamba upo upasuaji unaoweza kumsaidia. Hii si picha ya mtu mmoja tunayemjua. Ni muhtasari wa njia ambayo wengi wameipita, Wabajuni na wasio Wabajuni.

Je, kwa nini aliyeijua njaa ashindwe kuiacha meza? Ili kujibu, hatuna budi kuondoka pwani kwa muda na kuwafuata walioichunguza njaa yenyewe.

Njaa isiyokwisha na shibe

Mwezi wa Novemba 1944, Vita Vikuu vya Pili vikiendelea, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwakusanya vijana 36 waliokataa uanajeshi kwa sababu ya imani zao. Walikubali kushindishwa na njaa ili matabibu wajue namna ya kuwalisha watu wa Ulaya baada ya vita. Kwa muda wa miezi sita walilishwa kiasi cha nusu ya mahitaji yao, wakapoteza karibu robo ya uzito wa miili yao. Walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kulamba sahani na kuchukiana. Jambo la ajabu lilikuja baadaye. Walipofunguliwa milango ya chakula, baadhi yao walikula hadi wakaugua, na bado wakasema wana njaa. Tumbo lilikuwa limejaa, lakini kitu kingine ndani yao hakikuamini kwamba njaa imekwisha. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1950 katika kitabu kikubwa cha juzuu mbili.

Wakati vijana wale walipokuwa wakijinyima kwa hiari, watu wa Uholanzi walinyimwa kwa nguvu. Katika kipupwe cha 1944 na 1945 majeshi ya Ujerumani yaliwafungia chakula, na maelfu wakafa. Mwaka 1976 wataalamu walitoa uchunguzi juu ya vijana wa kiume waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati wa njaa ile. Wale ambao mama zao walishikwa na njaa katika nusu ya kwanza ya mimba walionekana kuwa na unene wa kupindukia kwa wingi kuliko wenzao. Yaani njaa ya mama iliandikwa katika mwili wa mwana.

Habari hizi mbili zinatupa heshima mpya kwa yule mkimbizi wa Koyama. Hali yake haielezwi kwa neno ulafi. Mwili wake umefundishwa na historia kuweka akiba, na hofu ya njaa haiondoki kwa kuonyeshwa kabati lililojaa.

Kisu kilivyoingia

Upasuaji wa kupunguza uzito ulianzia katika chuo kile kile cha Minnesota. Mwaka 1954 Arnold Kremen na wenzake walieleza namna ya kuuunga utumbo mwembamba kwa mkato, chakula kikavuka sehemu kubwa ya utumbo bila kufyonzwa. Wagonjwa walipungua, lakini kwa gharama kubwa. Waliharisha bila kikomo, wakapungukiwa na vitamini, wakapata mawe ya mafigo, na wengine ini zao zikaharibika. Kufikia miaka ya 1980 njia hiyo ilikuwa imeachwa.

Njia iliyodumu ilitoka Chuo Kikuu cha Iowa. Daktari Edward Mason alikuwa ameona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula hawakunenepa tena. Mwaka 1967 yeye na mwenzake Chikashi Ito walitangaza upasuaji ambao hukiacha kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo. Mwaka 1994 wapasuaji wa Marekani walieleza namna ya kuifanya kazi hiyo kwa matundu madogo na kamera, bila kulifungua tumbo lote, na hatari ikapungua. Siku hizi upasuaji unaofanywa zaidi duniani ni wa kukata na kuondoa kiasi cha robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, ukabaki mrija mwembamba. Sehemu inayoondolewa ndiyo hasa inayotoa ghrelini, homoni ya kuamsha njaa iliyogunduliwa na Masayasu Kojima na wenzake wa Japani mwaka 1999. Kwa hiyo upasuaji huu haupunguzi nafasi tu. Hupunguza hata sauti ya njaa mwilini.

Nani anastahili? Kipimo kinachotumiwa ni uzito kwa kimo: kilo za mtu hugawanywa kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Hesabu hii ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, na mwaka 1972 ikapewa jina lake la sasa na yule yule Ancel Keys wa vijana 36. Mwaka 1991 jopo la wataalamu wa Marekani liliweka kiwango cha 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na unene. Mtu mwenye kimo cha mita 1.60 hufikia 35 akiwa na kilo 89.6, na 40 akiwa na kilo 102.4. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji viliviteremsha viwango hivyo. Mwongozo wa Uingereza nao huteremsha kwa pointi 2.5 kwa watu wenye asili ya Afrika, Asia na Mashariki ya Kati, kwa kuwa maradhi huwapata katika uzito mdogo zaidi.

Je, unafaa? Uchunguzi mrefu ulioanzishwa Sweden mwaka 1987 uliwafuata watu wapatao 2,000 waliopasuliwa na wengine kama hao wasiopasuliwa. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wenzao. Wale waliofanyiwa upasuaji wa namna ya Mason walipungua asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili; baada ya miaka 15 upungufu ulikuwa asilimia 27. Kisukari cha wengi hutulia. Haya si mambo madogo, na mtu anayeyapuuza kwa kusema kwamba mgonjwa afunge mdomo tu hajui anachokisema.

Upasuaji huu sasa uko karibu nasi. Hufanywa Nairobi, na nchi za Ghuba, ambako wamo Waswahili wengi, zimeupokea kwa bidii, Kuwait ikiwa miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani. Katika miaka ya 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili, huko Mloganzila, ilianza kuweka puto tumboni, njia ya muda isiyokata kitu. Zipo pia sindano za dawa kama semaglutide, iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya unene mwaka 2021.

Njaa ya roho

Hata hivyo, yapo mambo ambayo kisu hakiyafikii. Mtu aliyezoea kujiliwaza kwa chakula akikatwa tumbo hawezi tena kumaliza sahani ya wali. Lakini chai yenye sukari hupita, soda hupita, halwa na aiskrimu huteleza. Kidogo kidogo, siku nzima, uzito hurudi. Aliyefanyiwa upasuaji wa namna ya Mason huenda sukari ikamtoa jasho, ikampiga moyo mbio na kumharisha; wengine huonywa na hali hiyo, wengine huizoea. Wako pia ambao, wakishanyimwa liwazo la chakula, hutafuta liwazo jingine. Uchunguzi wa Marekani umeonyesha ulevi kuongezeka kwa baadhi ya waliopasuliwa. Wengine hushikwa na sonona. Ndiyo maana hospitali zenye uangalifu humpeleka mgonjwa kwa mtaalamu wa nafsi kabla ya kumpasua.

Mmoja wa matabibu wa mwanzo kulichunguza jambo hili alikuwa mkimbizi mwenyewe. Hilde Bruch alizaliwa Ujerumani mwaka 1904. Akiwa Myahudi aliikimbia nchi yake mwaka 1933, na mwaka uliofuata akafika New York, akapewa kazi ya kuwatibu watoto wanene. Aliona kwamba wengi wao walikuwa watoto wa wahamiaji, na kwamba akina mama walioonja ufukara walitoa chakula kama ishara ya mapenzi na kinga ya hofu. Katika kitabu chake cha mwaka 1973 alisema kwamba baadhi ya watu hukua bila kujifunza kuipambanua njaa na huzuni, hofu au uchovu. Kila dhiki ikiwajia, huitafsiri kuwa njaa. Wapo waliomlaumu kwa kuwatwika akina mama mzigo mkubwa wa lawama, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini jambo la msingi alilosema limebaki: kwanza mtu ajue ni njaa gani inayomwita.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapoingia. Tutazame maneno yetu. Kutokana na roho tumepata uroho, yaani tamaa ya kula kupita kiasi. Lugha yetu iliona zamani kwamba kula kupindukia kuna uhusiano na nafsi; bahati mbaya, ililihukumu jambo hilo kabla ya kulitibu. Uroho na ulafi ni maneno ya lawama. Basi daktari akitaka kujua kama mgonjwa hula kwa sababu ya majonzi, na mkalimani akauliza, "Wewe ni mroho?" mgonjwa atakana, na nani asingekana? Daktari ataandika kwamba hapana tatizo, mgonjwa atapasuliwa, na njaa ya roho itabaki ilipokuwa. Lakini mkalimani akiuliza, "Je, hutokea ukala hali huna njaa, ili kuutuliza moyo?" mlango wa mazungumzo utafunguka. Tofauti kati ya maswali hayo mawili yaweza kuwa tofauti kati ya kupona na kutopona.

Lugha hiyo hiyo ina hazina nyingine. Tuna neno kukinai, lenye maana ya kutosheka na chakula na pia kuridhika moyoni. Na tuna kushibana. Tunaposema kwamba watu wawili wameshibana, hatusemi habari ya chakula hata kidogo. Twasema ni marafiki wa dhati. Waliolizoea neno hilo walitambua kwamba mtu anaweza kumshibisha mtu. Iko njaa inayotulizwa na mwenzio tu, na wala si na mkate.

La kupima kabla ya kuamua

Kwa mwenye kufikiria upasuaji, au mwenye jamaa anayefikiria, historia hii inatoa mambo ya kupima.

Kwanza, aijue njaa yake. Kwa majuma mawili au matatu aandike alichokula, saa ngapi, na moyo ulikuwaje kabla ya kula. Njaa ya tumbo huja polepole na hukubali chakula chochote, hata sima na mboga. Njaa ya huzuni huja ghafla, hutaka kitu maalumu, aghalabu kitamu, na huacha majuto. Mwenye kushindwa kabisa kujizuia, akala kingi kwa siri na kwa haraka mara kwa mara, ana maradhi yanayojulikana kwa matabibu, na yana tiba ya mazungumzo yenye mafanikio.

Pili, ajue kwamba upasuaji ni ahadi ya maisha. Atameza vitamini na madini, chuma, kalsiamu na B12 miongoni mwao, na kupimwa damu kila mwaka hata uzeeni. Chakula chake kitakuwa kidogo na cha polepole. Mwislamu atauliza daktari wake lini ataweza kufunga Ramadhani salama. Anayekwenda nchi ya mbali kupasuliwa kwa bei nafuu na ajiulize nani atamwangalia akirudi.

Tatu, ajenge liwazo jingine kabla liwazo la chakula halijaondolewa. Kutembea na mwenzake, kuswali jamaa, kuimba, kushona, kumpigia simu ndugu aliye Kiunga au Kismayu, kulisimulia lililotokea mwaka 1991 kwa mtu anayejua kusikiliza: hayo hayana kisu, lakini si madogo.

Nne, aibu isiwe mshauri wake. Mwenye kukataa upasuaji kwa kuogopa kuitwa mvivu amekosea, sawa na mwenye kuukubali kwa kuchekwa umbo lake. Kisukari kikali hakingoji mtu amalize kujilaumu.

Hitimisho

Tumeona kwamba unene katika pwani ya Ras Kamboni ulikuwa akiba ya msimu, kwamba uhaba ndio uliokuwa mlinzi, na kwamba vita na uhamisho viliuondoa mlinzi huyo huku vikiacha hofu ya njaa na majonzi mahali pake. Tumeona pia kwamba wapasuaji, kwa makosa ya miaka ya 1950 na mafanikio ya baadaye, wamepata chombo chenye nguvu ya kweli. Lakini chombo hicho kimeundwa kwa ajili ya tumbo.

Walimu wenzangu, siku tutakapoifundisha tena ile methali ya njaa na shibe, tusipite haraka. Tuwaulize wanafunzi njaa ni ngapi. Tuwafundishe kutenga ulafi na majonzi, kukinai na kujaa tu, kushiba na kushibana. Miongoni mwao watatoka wauguzi na wakalimani wa Lamu, Muscat na London, na siku moja mgonjwa atakaa mbele yao akitafuta neno la kulitaja linalomsumbua.